Mwaka wa Sifuri

Kwenye barua waliuita mwaka wa msingi.
Sisi tuliouanza tuliuita sifuri,
kwa kuwa huja kabla ya mwaka wa kwanza,
na kwa kuwa wengi wetu ndizo alama tulizokuja nazo.

Baba ni mwashi, hapa Newport, mwiko mkononi miaka thelathini na moja.
Aliisoma barua amesimama jikoni, miwani juu ya paji:
"Msingi mwaka mzima?
Mimi nauchimba kwa wiki mbili, mvua ikiwa na adabu."
Akauliza nani atalipa.
Nikasema, mkopo.
Akasema, ahaa. Akabandika maji ya chai.

Oktoba nilidhani nitapewa kamera.
Bi Maddocks alinipa mkasi na boksi tupu la nafaka.
"Kata dirisha, kubwa kama kadi ya benki.
Nenda nalo mjini, na usirudi
mpaka ujue unaacha nini nje."

Wiki tatu nimetembea na tundu usoni:
stesheni, darajani, mlangoni pa kinyozi.
Mtoto mmoja akaniuliza kama naumwa jicho.
Idris, mwenye miaka hamsini na moja,
mlinzi wa ghala hadi ghala lilipofungwa,
alilielekeza tundu lake kwenye kufuli, kila siku kufuli.
Nazneen alitafuta migongo ya watu wanaosubiri.
Mimi sikujua natafuta nini.
Nilirudi nikasema hivyo. Bi Maddocks akaandika kitu,
hakunionyesha.

Kisha insha. Maneno elfu moja na mia tano: kivuli ni nini?
Shule niliiacha na miaka kumi na sita, kalamu nikaiacha hukohuko.
Usiku maktabani, Lowri wa zamu alinisahihisha
akila karoti kimyakimya.
Kwake nilijifunza mkato unakaa wapi,
pale pumzi inapotaka kutua lakini haijaisha.
Mwezi uliofuata, mezani pa kuhariri,
nilikutana na mkato uleule,
ila huu ulikuwa kati ya uso na mlango.

Februari, hatimaye, kamera. Kuukuu, kioo chake kimekufa.
Kazi: dakika moja, bila kukata.
Nikamfuata baba kazini, Jumamosi, manyunyu,
akipanda ukuta wa bustani ya mjane mmoja.
Nilimtazama yeye. Sikuitazama kamera.
Sikuona kwamba kifuniko cha lenzi
kilikuwa bado mahali pake.

Darasani taa zikazimwa, na skrini nayo ikabaki giza.
Wakacheka. Nilitaka sakafu inimeze.
Halafu mwiko ukakwaruza.
Tofali likagongwa mara mbili. Likatulia.
Baba akavuta pumzi, ile pumzi yake
yenye filimbi ndogo upande wa kushoto,
ambayo nimeishi nayo nyumba moja na sijawahi kuisikia.
Cheko likakoma.
Idris alikuwa ameinamisha kichwa.
Sekunde ya hamsini na tatu, gizani, baba anasema:
"Umeshapata unachotaka, au niendelee?"

Nilipewa hamsini na mbili kwa mia.
Pembeni, wino wa kijani: *Bahati si ufundi. Rudia.*

Nikamweleza baba. Sikumficha kifuniko.
Akacheka hadi akakohoa.
"Ukuta wangu wa kwanza ulipinda," akasema,
"uko Caerleon mpaka leo. Wanaupaka rangi kila mwaka."
Akanyamaza.
"Kwa hiyo nasikika hivyo?"

Nilirudia. Kifuniko mfukoni, nikikipapasa kila dakika.
Picha ikatoka safi, na haikuwa na kitu.
Nikarudia tena.

Juni, Jumapili, fomu ya mwaka wa kwanza iko mezani,
juu yake limekaa boksi la nafaka,
kingo zimelainika kama kitambaa.
Baba akaliokota, akafumba jicho moja,
akapima birika, akapima dirisha, akafika kwangu.
Muda mrefu hakusema kitu.
"Umekaa upande," akasema. "Sogea."